Mabasi ya masomo (ya shule) hapa Lubumbashi: mikaba (mikanda ya viti) ilazimishwe au hapana?

#1 Mama_wa_Batatu

Jambo wote. Mtoto wangu wa pili, wa darasa la tatu, amerudi nyumbani mdomo umevimba na jino la mbele linacheza. Basi la masomo lilifunga breki ghafla karibu na Carrefour, lori lilikuwa limewakatia njia. Basi halikugonga kitu. Halina hata mkwaruzo. Lakini watoto wa nyuma walikuja wote mbele, na wangu akapiga mdomo kwenye bomba la kiti cha mwenzake.

Kesho yake niliingia mwenyewe ndani ya hilo basi. Hakuna mkaba hata mmoja, isipokuwa wa dereva, na huo nao umefungwa fundo nyuma ya kiti. Mkubwa wa masomo akanijibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kumdai mikaba, wala polisi wala wizara.

Kwa hiyo nasema hivi: iwekwe sheria, gari lolote linalobeba wanafunzi liwe na mkaba kwa kila mtoto, na lisilo nao lisibebe. Na nina swali: mbona haya magari yanafika hapa bila mikaba? Yanatengenezwa hivyo kiwandani, au kuna mtu anaitoa?

#2 Kalubwe2

Pole sana mama. Mpeleke kwa daktari wa meno mapema, jino la mtoto wa umri huo linaweza kushika tena.

Nakuunga mkono bila kusita. Mikaba inatolewa na wenye magari wenyewe. Wanasema inaziba njia ya kupita, inachafuka, na watoto wanaichezea.

#3 FundiKatuba

Pole mama. Nijibu lile swali la mwisho, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Hiace nyingi zinazobeba watoto mjini hazikutengenezwa ziwe basi. Zilitoka Japani zikiwa gari za mizigo. Nyuma hamna viti, ni bati tupu. Zikishavuka Kasumbalesa tunazikata madirisha, tunachomelea benchi za bomba, tunaweka sponji na ngozi ya plastiki, gari linaanza kazi. Sasa mkaba utoke wapi, wakati kiwanda hakikuacha hata tundu la kuufungia?

Na hapo ndipo sheria yako inanitia hofu. Siku itakapotoka, kila mwenye gari atakuja garaji aseme fundi, nitilie mikaba ishirini kabla ya Jumatatu. Fundi mwenye haraka atatoboa bati la sakafu, ataweka bolti na rondela ndogo (kile kiduara cha kukazia bolti), kazi imekwisha. Polisi ataona mkaba unaning'inia, atapitisha gari.

Lakini piga hesabu. Mtoto wa kilo 30, gari liko kilomita 50 kwa saa, likigonga akasimamishwa ndani ya nusu mita, mkaba unavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 600. Weka watoto wanne juu ya benchi moja, ni zaidi ya tani mbili zinavuta bati ambalo mimi nalikunja kwa koleo. Benchi nzima itang'oka pamoja na watoto waliofungwa juu yake. Kiwandani mkaba unafungwa mahali ambapo chuma kimeongezwa unene, kwa bolti nene ya karibu milimita 11, na kiti chenyewe kimeshikwa kwenye fremu. Bila hivyo ni pambo.

#4 Yaya_Ruashi

Hahaha fundi, sheria ikitoka weye njo utajenga etaji (nyumba ya ghorofa)!

Lakini unasema kweli. Mu gari yenye inabebaka batoto bangu, benchi ya nyuma iko nacheza, inaenda mbele inarudi nyuma. Batoto bane kwa benchi ya bantu batatu, na kamoya ka maternelle (chekechea) kanaikala ku magoti ya mukubwa yake. Ule mukaba utafunga nani, mukubwa ao mudogo?

#5 Mukongo_wa_Iowa

Salamu kutoka Marekani. Niwaletee ya huku. Yale mabasi makubwa ya manjano, mengi hayana mikaba ya watoto, na sheria ya taifa hailazimishi. Tangu Aprili 1977 wana kanuni namba 222: viti vikaribiane, migongo ya viti iwe mirefu, ijazwe sponji nene, na chuma cha ndani kipinde kidogo kidogo kikigongwa. Mtoto akirushwa, anapokelewa na mgongo wa kiti kilicho mbele yake. Mamlaka yao ya usalama barabarani inasema mwanafunzi ana nafasi karibu mara 70 zaidi ya kufika salama akipanda basi la masomo kuliko akipelekwa na gari dogo.

Kwa hiyo msikimbilie mikaba. Anzeni na viti.

#6 Kasapa_Amphi

Ndugu wa Iowa, umetuletea nusu. Kanuni hiyohiyo inalazimisha mikaba kwa mabasi madogo ya masomo, yale yasiyozidi paundi 10,000, yaani kama kilo 4,500 gari likiwa na mzigo wake. Tangu 2011 madogo mapya yanatakiwa yawe na mkaba wa kiunoni na begani pamoja. Basi kubwa lilisamehewa kwa sababu ni zito na liko juu, likigongana na gari dogo watoto hawatikiswi sana. Hiace yetu iko upande wa yale madogo.

Na hata kwa makubwa mambo yamebadilika. New York ilidai mikaba kwenye mabasi mapya tangu 1987, na California inadai ule wa begani kwenye mapya tangu 2005. Novemba 2016 kule Chattanooga basi liligonga mti na wanafunzi sita wakafa. Mwaka 2018 bodi yao ya taifa inayochunguza ajali ikapendekeza kila jimbo lidai mkaba wa begani kwenye mabasi makubwa mapya. Maana kiti chenye sponji kinasaidia ukigongana mbele au nyuma. Basi likilala ubavu au likibingirika, mtoto anaruka nje ya nafasi yake na sponji haimsaidii.

Hiyo hesabu ya mara 70 isivuke bahari. Imepimwa kwenye magari yao, barabara zao na madereva wao.

#7 Mukongo_wa_Iowa

Kasapa, Chattanooga dereva alikuwa anakimbiza gari na yuko kwenye simu. Hiyo bodi yenyewe ndiyo ilisema. Dereva mwenye akili angewafikisha wale watoto nyumbani, na mkaba au bila mkaba.

#8 Mama_wa_Batatu

Asante fundi, asante Kasapa. Ndugu wa Iowa, viti vya huko nimevielewa. Ila kiti ambacho mtoto wangu alipiga mdomo ni bomba la chuma lililopakwa rangi. Hakuna sponji ya kumpokea mtu. Kama hatuwezi kupata viti vya Marekani, basi mtoto ashikwe asirushwe.

#9 Shofa_BelAir

Jambo bakubwa. Miye niko shofa wa batoto, naomba munisikilize kidogo.

Asubui naanza saa kumi na moja na nusu, giza. Nafika ku kila mulango, napiga honi, mama anatosha mutoto, anamusukuma ndani, tunaenda. Niko peke yangu. Banasema mukaba. Sawa. Nani anafunga? Nishuke ku kila fasi nifunge kamoya kamoya? Saa moja na nusu porti ya masomo inafungwa, na batoto benye kuchelewa banarudishwa, bazazi banaita miye mubaya. Ba darasa la sita bao banaweza kujifunga, lakini bakishajifunga banajifungua. Na kile kichwa cha chuma cha mukaba, nawaambia, mutoto anapigia mwenzake.

Lakini hiyo si yenye inanitisha. Mulango njo unanitisha. Hiace iko na mulango wa kuteleza upande wa kushoto. Japani banapita kushoto, mutoto anashuka ku bukingo ya balabala. Siye tunapita kuume. Nikisimama, mulango unafunguka katikati ya balabala, na manseba, ule wa pikipiki ya kubeba bantu, anapita pale mbio. Miye naweka gari ovyo kwa makusudi, nakata balabala, ili mutu asipite. Banatukana. Bacha batukane.

#10 Kalubwe2

Shofa, hili la mlango sikuwahi kulitazama hivyo. Napita nyuma ya hayo magari kila asubuhi na huwa nakasirika wakisimama kombo. Kumbe.

#11 Muuguzi_Kampemba

Shofa #9 amegusa penyewe. Hata Marekani wanasema wazi kwamba katika vifo vya usafiri wa masomo, wengi si waliomo ndani ya basi. Ni walio kwenye magari mengine na wanaotembea kwa miguu, na mtoto anayeshuka au anayevuka yuko hatarini zaidi. Ndiyo maana basi lao lina taa nyekundu na mkono wa alama ya kusimama, na magari mengine yanalazimika kungoja.

Lakini niseme na upande wangu wa kazi. Mama, ukidai mkaba, udai ule unaopita begani. Mkaba wa kiunoni peke yake kwa mtoto mdogo unaweza kuleta balaa lake. Mifupa ya nyonga yake bado midogo, mkaba haukai juu ya mfupa, unapanda tumboni. Gari likisimama ghafla, mwili unakunjwa mara mbili juu ya ule ukanda, na utumbo, ini au uti wa mgongo vinaumia. Unamwona mtoto anaongea vizuri, hana damu, ana mstari mwekundu tu juu ya tumbo, saa chache baadaye hali inageuka. Ukiona huo mstari baada ya ajali, usimpeleke nyumbani kulala. Mpeleke hospitali.

Na wa begani nao kwa mtoto mfupi unapita shingoni. Ulaya mtoto anakalishwa juu ya kiti cha kumwinua ndani ya gari dogo mpaka afike sentimita 135 au 150, inategemea nchi. Darasa la tatu wengi hawajafika.

#12 Mwalimu_Kenya

Habari zenu. Nimefundisha miaka mingi, na nawaambia sheria bila mtu wa kuisimamia ni karatasi. Jirani zetu walishajaribu. Mwaka 2004 kule Nairobi, waziri wa usafiri Michuki aliwabana wenye matatu (mabasi madogo ya abiria): mikaba kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80, abiria 14 basi. Magari yaligoma, watu wakatembea kwa miguu, lakini alishikilia na mambo yakanyooka.

#13 Yaya_Ruashi

Mwalimu, weye iko Kenya ya hapa commune Kenya, ao ile ya Nairobi?

#14 Mwalimu_Kenya

Kenya ya hapa, Yaya, karibu na stade. Mshabiki wa timu ya Mazembe kamili.

#15 Yaya_Ruashi

Basi unabishana na bantu ba ile timu ingine, Lupopo, humu, jichunge 😀

#16 Likasi_Kila_Juma

Mwalimu #12, nilikaa Nairobi kwa biashara baada ya hapo. Ni kweli Michuki aliwatisha, na kwa muda ilifaa. Lakini mikaba ilichakaa na kuwa michafu, na watu wakawa wanaivuta mapajani wakikaribia kizuizi cha polisi tu, wakipita wanaiachia. Kilichobaki muda mrefu ni ile ya abiria kutosimama ndani. Nyinyi mnabishana juu ya ukanda, mimi naona idadi ya watu ndiyo ilikuwa dawa.

Baadaye, 2017, wakaongeza magari ya shule yapakwe rangi ya manjano. Hiyo tungeweza kuanza nayo hapa hata kesho, rangi haina gharama kubwa, na gari la manjano linaonekana gizani pale Shofa anapoanzia saa kumi na moja na nusu.

#17 Mzee_Kamalondo

Wanangu, nimesoma yote. Mimi napinga mikaba, na sababu yangu si pesa.

Julai 1982 kule Beaune, Ufaransa, magari yaligongana usiku na basi la watoto likawaka. Walikufa watu 53, wengi wao watoto. Mei 1988 kule Carrollton, jimbo la Kentucky, mlevi aliendesha upande usio wake akagonga basi kuukuu la masomo lililokuwa la kanisa. Tangi la petroli likatoboka. Walikufa 27, na wote waliuawa na moto na moshi, hakuna aliyekufa kwa kishindo chenyewe. Mlango wa mbele uliziba, wakasongamana kwenye wa nyuma.

Sasa fikirini watoto 25 wa miaka sita, wamefungwa, gari linawaka, na mtu mzima ni dereva peke yake. Barabara yetu ya Kasumbalesa imejaa malori ya shaba, ya tindikali na ya mafuta. Mimi nataka mlango wa pili unaofunguka kwa ndani. Hiace nyingi zilizokatwa hapa, mlango wa nyuma umezibwa na benchi ya mwisho.

#18 FundiKatuba

Mzee, hilo la benchi ya mwisho ni kweli kabisa. Wateja ndio wanaoomba, wapate nafasi ya watoto wanne zaidi. Nyingine mkono wa ndani wa mlango wa nyuma haupo, unafunguliwa kwa nje tu.

#19 Muuguzi_Kampemba

Mzee, kwa heshima zote. Mtoto aliyepiga kichwa na kuzimia hatembei kwenda mlangoni, hata uwe na milango mitano. Aliyefungwa mkaba akabaki na fahamu zake anaweza kuufungua na kutoka. Moto ni wa nadra, breki za ghafla ni za kila siku.

#20 Mzee_Kamalondo

Binti yangu, je, Sierre? Machi 2012, basi la Wabelgiji linarudi kutoka mlimani Uswisi, likapiga ukuta ndani ya handaki. Watu 28 walikufa, 22 kati yao watoto. Polisi wa Uswisi walisema watoto walikuwa wamefunga mikaba.

#21 Kasapa_Amphi

Mzee, na watoto 24 walitoka hai kutoka kwenye handaki lilelile. Basi lilipiga ukuta uliokaa wima mbele yake kama mlango. Hakuna mkaba unaoahidi kila kitu. Ufaransa, ambayo iliumizwa na Beaune kuliko nchi yoyote, ilifika 1 Septemba 2015 ikadai kila gari la usafiri wa masomo liwe na mikaba. Walikuwa na kumbukumbu ya ule moto, wakaamua hivyo hata hivyo.

#22 Mama_wa_Batatu

Niliona picha za Karatu mwaka ule. Tarehe 6 Mei 2017, Tanzania, mkoa wa Arusha, wanafunzi wanakwenda kufanya mtihani wa majaribio, mvua, mteremko, basi likaangukia korongoni. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watatu waliopona walipelekwa Sioux City, Iowa, huko kwa ndugu yetu, wakatibiwa wakarudi nyumbani. Kila nikisikia honi ya basi asubuhi nawaza zile picha. Sitaki kusubiri Karatu yetu ndipo tuandike sheria.

#23 Mukongo_wa_Iowa

Mama, Sioux City iko upande wa magharibi kabisa wa jimbo letu. Watu walichanga, waliwapokea kama watoto wao. Hapo sina ubishi na wewe.

#24 Kalubwe2

Karatu ni mteremko. Hapa mjini tuna tambarare, mashimo na msongamano, gari la masomo likifika kilomita 40 ni ajabu. Labda mikaba ilazimishwe kwa safari za nje ya mji: Likasi, Kipushi, Kasumbalesa. Masomo wakipeleka watoto matembezi mwisho wa mwaka, hapo ndipo dereva anafungua mwendo.

#25 Muuguzi_Kampemba

Kalubwe, jino la mtoto wa mama lilichezea Carrefour, si Likasi.

#26 Papa_Tshamalale

Naomba tuzungumze franga, maana hakuna anayetaka kuligusa. Hiace moja inabeba watoto 28. Tuseme kila mmoja analipa dola 25 kwa mwezi, ni 700. Humo mna mafuta, shofa, matairi, garaji, assurance, na wa barabarani wasioandika risiti. Mkaba mmoja kwa mtoto mmoja maana yake viti 14. Mafuta hayapungui. Kwa hiyo mzazi atalipa 50, au masomo itaacha usafiri kabisa.

Mimi nina wanne. Kwa 50 siwezi. Nitafanya nini? Nitawapakia watatu juu ya pikipiki moja kama wanavyofanya majirani zangu. Mtoto wa mbele anakaa juu ya tangi bila kofia. Sheria itakuwa imewatoa watoto wangu ndani ya bati na kuwaweka nje ya bati. Sisemi mikaba ni mibaya. Nasema mnaotaka sheria mniambie kwanza nani analipa zile 25 za pili.

#27 Mama_wa_Batatu

Papa Tshamalale, swali lako ni la haki. Lakini hesabu yako inasema pia kwamba tangu mwanzo tunalipa bei ya nusu kiti. Mimi nililipia kiti.

#28 Mwalimu_Kenya

Na tukumbuke watoto wengi wa mji huu hawapandi basi lolote. Tangu masomo ya msingi ya serikali yawe ya bure, Septemba 2019, madarasa yetu yamefurika, na hao wote wanakuja kwa miguu pembeni mwa chaussée, hakuna njia ya waendao kwa miguu, malori yanapita ubavuni. Ukinipa bajeti moja, nitaiweka kwenye matuta na watu wa kuvusha watoto mbele ya kila masomo, kabla ya mikaba ya wale wenye uwezo wa kulipa usafiri.

#29 Shofa_BelAir

Mwalimu, batoto ba bus nabo ni batoto.

#30 Mwalimu_Kenya

Sikatai, Shofa.

#31 Likasi_Kila_Juma

Turudi kwa swali la mama, kwa nini yanafika bila mikaba. Fundi amesema gari za mizigo, Kalubwe amesema wenye magari wanaing'oa. Kuna la tatu. Baadhi ya mabasi madogo mazuri yanayoingia, yale yenye viti vidogo vidogo na michoro ya wanyama ubavuni, yalikuwa ya shule za vidudu kule Japani. Hayo kwa sheria ya kwao yalisamehewa mikaba. Watoto wa umri ule wanatofautiana sana kwa urefu, mkaba mmoja hauwafai wote, na ikitokea hatari ni vigumu wajifungue wenyewe. Mwaka 2013 serikali yao ikatoa mwongozo wa kujaza sponji migongo ya viti. Kwa hiyo gari limetoka kiwandani hivyo, hakuna aliyeiba.

#32 FundiKatuba

Kweli, moja nimeitengeneza, ina sungura ubavuni na maandishi ya Kijapani, mwenyewe amekataa kuipaka rangi kwa sababu watoto wanaipenda. Lakini nayo sasa inabeba wa darasa la sita. Viti vya mtoto wa miaka minne, mgongo unaishia katikati ya mgongo wa mtoto mkubwa. Akirushwa anapita juu.

#33 Yaya_Ruashi

Kwani hao ba Japani, si njo benye balisahau mutoto mu bus?

#34 Likasi_Kila_Juma

Ndiyo Yaya. Mwaka 2021 na tena 2022, watoto wadogo walisahauliwa ndani ya basi lililofungwa, joto likawaua. Tangu Aprili 2023 mabasi hayo yanalazimika kuwa na kifaa cha kuzuia mtoto asisahauliwe. Aina moja ni king'ora kinacholia mpaka dereva aende mpaka nyuma akizime, hivyo anapita kila kiti.

#35 Yaya_Ruashi

Wangu alilala ku benchi ya nyuma, gari ikafika garaji naye ndani. Fundi njo alimusikia analia. Ile siku nilipiga magoti balabalani. Nani anahesabu batoto bakishuka? Hakuna mutu. Mukaba, mulango, rangi, sawa, lakini miye nataka mutu mukubwa wa pili mu gari. Huyo njo anafunga mikaba, huyo njo anafungua mulango na kuvusha, huyo njo anahesabu.

#36 Shofa_BelAir

Yaya asante! Hiyo njo naombaka tangu zamani.

#37 Papa_Tshamalale

Mshahara wake unaingia kwenye ile hesabu yangu ya #26. Andikeni.

#38 Kasapa_Amphi

Upande wa sheria: msingi wetu bado ni Code ya barabara, sheria namba 78-022 ya 30 Agosti 1978. Wakati ule hata Ufaransa ilikuwa imelazimisha mkaba wa kiti cha mbele nje ya miji miaka mitano tu kabla, 1973. Hakuna aliyekuwa anawaza Hiace iliyokatwa madirisha. Kwa maoni yangu tusisubiri Kinshasa. Kamati ya wazazi inaweza kuandika masharti kwenye mkataba wa usafiri, na masomo itasaini au itapoteza wateja.

#39 Papa_Tshamalale

Na ukiandika sheria mpya, polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, atapata sababu mpya ya kusimamisha gari lililojaa watoto saa moja asubuhi, mpaka shofa atoe kitu.

#40 Mama_wa_Batatu

Nashukuru wote. Jumamosi kuna mkutano wa wazazi. Fundi, nikiingia tena ndani ya lile basi, nitazame nini? Nisidanganywe na mkaba wa kuning'inia.

#41 FundiKatuba

Mama, lala chini, au mtume kijana atazame chini ya gari. Fuata kila mguu wa benchi. Ukiona bolti imetokea chini ya bati na kuna rondela tu, sema hapana. Inatakiwa bamba la chuma pana, unene angalau milimita tatu, au bolti ipite kwenye fremu yenyewe. Tikisa benchi kwa nguvu zako zote, isicheze. Vuta mkaba kwa ghafla, ule wa begani wenye kujivuta ukwame papo hapo, usipokwama umekufa. Tazama ukanda wenyewe, ukiwa na nyuzi zimelegea pembeni ni wa kutupa. Na uulize ulikotoka. Sokoni wanauza mikaba iliyotolewa kwenye magari yaliyopata ajali, na mkaba ulioshika mtu kwenye ajali umeshavutika, hautashika wa pili.

Afadhali kuliko vyote ni Hiace iliyotoka kiwandani ikiwa ya abiria. Hiyo matundu yapo, fremu ipo. Ni ghali zaidi.

#42 Mzee_Kamalondo

Na mlango wa nyuma, mama. Ufunguliwe kwa ndani na mtoto wa miaka kumi. Mjaribishe mmoja mbele yao.

#43 Kalubwe2

Na mlango wa kuteleza? Fundi, mnaweza kuuhamishia kuume?

#44 FundiKatuba

Inawezekana, tumefanya. Lakini upande huo kuna nguzo, ukiikata vibaya paa linalegea, na gari likibingirika linakunjika. Sipendi kuifanya.

#45 Shofa_BelAir

Basi mutu wa pili ashuke wa kwanza, asimame na bendera.

#46 Papa_Tshamalale

Mama Batatu, mkutano ni saa ngapi? Mke wangu atakuja, watoto wetu wako masomo hiyohiyo kama ni ile ninayodhani. Atauliza lile la 25 za pili.

#47 Mama_wa_Batatu

Saa nne, papa. Aje. Na kama ana njia ya kulipia mtu wa pili bila kupandisha kwa wenye watoto wanne, alete kwa maandishi, mimi nitaisoma mbele yao kabla ya yangu.